Kifua Kinachobana: Somo kwa Vikundi juu ya Pumu na Aleji



Somo letu la safari hii ni juu ya ugonjwa ambao vikundi vingi vya huku Turkana huuona kila wiki lakini hawautaji. Watu husema tu, "Yule mama ana kifua," halafu wanaendelea na kazi. Ugonjwa wenyewe ni pumu, na hasa ile pumu inayochochewa na aleji, yaani mwili kukataa vumbi, moshi au unga wa maua. Wengine huita aleji mzio. Ni kitu kilekile.

Someni polepole. Mmoja asome kwa sauti, mwingine atafsiri kwa Kiturkana kwa ajili ya wazee. Mkifika penye maswali, simameni kwanza mjadiliane. Mkihitaji mikutano miwili kumaliza somo hili, hakuna shida.

KISA: MAMA ALIYEKAA KANDO

Karibu na Kalemng'orok kuna kikundi cha akina mama 22. Wanachoma makaa ya mathenge, ule mti tunaouita etirae, na magunia wanayapanga kando ya barabara kuu ili wenye malori wanunue. Kazi ni ngumu lakini inalipa karo na unga. Katiba yao inasema anayekosa kazi siku ya tanuri analipa faini ya shilingi 50.

Mama mmoja kati yao alikuwa na watoto wanne. Kwa miaka mingi alikohoa usiku, sana sana kuanzia saa tisa hadi alfajiri. Kifua kilipiga mluzi kama mtu anayepuliza chupa. Mchana mara nyingi alikuwa mzima kabisa, akachota maji, akacheka na wenzake. Kwa sababu hiyo watu hawakumwamini. "Usiku mgonjwa, mchana mzima, huu ni ugonjwa gani?" Wengine walinong'ona kwamba ni TB, wakatenga kikombe chake. Wengine walisema ni uvivu.

Alipimwa makohozi, TB haikupatikana. Alipewa vidonge, akapata nafuu, akarudi kwenye tanuri. Kikabana tena. Akachomwa sindano, akapata nafuu, akarudi kwenye tanuri. Alipokosa kazi alilipa faini. Ili asilipe tena, alikuja hata siku ambazo hakuwa na pumzi ya kubeba gunia.

Hapa tukiri kosa letu. Sisi wa ofisi ya maendeleo ya jamii tulitembelea kikundi hicho mara tatu mwaka huo. Tulikagua vitabu vya pesa, tukahesabu magunia. Tulimwona yule mama amekaa kando ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Katika daftari yetu tuliandika, "Mwanachama mmoja hashiriki vizuri." Basi. Hatukumuuliza hata swali moja.

Usiku mmoja upepo ulivuma kwa nguvu. Siku hiyo walikuwa wamefungua tanuri mbili. Yapata saa nane usiku mama huyo hakuweza kulala chini wala kusema. Binti yake mkubwa alimuuliza, "Mama, umefanya nini?" Alijibu kwa mkono tu. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Majirani walikimbia barabarani. Gari la kwanza kusimama lilikuwa lori lililobeba makaa, na baadhi ya magunia hayo yalikuwa ya kikundi chake mwenyewe. Walimkalisha mbele kwa dereva wakapita Lokichar mpaka hospitali ya Lodwar. Alifika akiwa hai, lakini ilibaki kidogo.

Simameni hapa. Katika semina zetu tumezoea kuuliza, "Lakini kwa nini?" mpaka tufike kwenye mzizi. Ulizaneni: Mama huyu alikaribia kufa. Kwa nini? Mkipata jibu, ulizeni tena, "Lakini kwa nini?" Fanyeni hivyo angalau mara tano. Andikeni majibu yenu. Tutayarudia mwishoni.

KIFUANI KUNATOKEA NINI?

Hewa huingia kwenye mapafu kupitia mirija mingi midogo. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo ina uvimbe kwa ndani hata siku ambazo anajisikia vizuri. Ina hasira. Ikiguswa na kitu inachokichukia, mambo matatu hutokea: ngozi ya ndani inavimba zaidi, nyama inayozunguka mrija inakaza, na ute mzito unajaa. Njia ya hewa inakuwa nyembamba.

Fikirini kisima mnachochimba mchangani mtoni wakati wa kiangazi. Kikiwa kipana maji yanatoka vizuri. Kuta zikiporomoka kidogo kidogo, shimo linakuwa dogo, na karai haingii tena. Ndivyo pumzi ya mgonjwa wa pumu inavyokosa njia. Ule mluzi mnaousikia ni hewa inayolazimisha kupita penye wembamba.

Na aleji je? Mwili una walinzi wake wa kufukuza wadudu wa magonjwa. Kwa mtu mwenye aleji walinzi hao ni kama mbwa mkali wa boma ambaye hatofautishi mgeni na mwizi. Unga wa maua au manyoya ya mbuzi havina ubaya wowote, lakini mbwa anabweka, anauma, boma zima linaamka. Kwa mwingine vurugu hiyo inakuwa puani: chafya, kamasi ya maji, macho kuwasha. Kwa mwingine inakuwa kwenye ngozi. Kwa mwingine inashuka kifuani, na huyo ndiye mwenye pumu. Wengi wanayo ya pua na ya kifua pamoja. Mara nyingi hali hii inafuata ukoo, hivyo ukiona mama anayo, wachunguze na watoto.

Si laana wala uvivu. Tena hakuna anayeweza kuambukizwa kwa kushiriki kikombe.

Wengine hudhani ni ugonjwa wa watu wa mjini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwa sababu yake. Wengi wa waliokufa ni wa nchi maskini, ambako dawa na uchunguzi ni haba. Hapa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima watoto wa shule vifua baada ya kukimbia. Nairobi karibu 23 kati ya 100 vifua vyao vilibana, na mashambani Murang'a 13 kati ya 100. Mjini ni wengi zaidi, ndiyo, lakini 13 katika kila 100 mashambani si kidogo.

JE, SI TB?

Swali hili ni la haki. Turkana tunaijua TB. Wazee wanakumbuka zile manyatta za TB ambako wagonjwa walikaa miezi mingi wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Kwa hiyo mtu akikohoa, sisi sote tunawaza TB kwanza, na ni vizuri. Kila mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Asikisie, na kikundi kisikisie kwa niaba yake.

Lakini kuna tofauti ambazo mhudumu wa afya atauliza:

Pumu inakuja na kuondoka. Leo mtu mzima, kesho amebanwa. Inazidi usiku na alfajiri. Kuna mluzi. Inaamshwa na kitu fulani: moshi, vumbi, homa ya mafua, kukimbia, baridi ya alfajiri. Mtu hapungui mwili kwa ajili yake.

TB haiondoki. Inazidi wiki hata wiki. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa jioni, na wakati mwingine anakohoa damu.

Mtu anaweza kuwa na zote mbili. Na mtu aliyepona TB anaweza kubaki na kifua kibovu kinachofanana na pumu. Mzee anayechoka kwa hatua chache na kuvimba miguu huenda ni moyo. Mtoto mdogo mwenye homa na anayepumua haraka huenda ni nimonia, na huyo apelekwe siku hiyohiyo. Ndiyo sababu tunasema kwanza kituo cha afya, halafu maneno.

HUKU KWETU NI NINI KINACHOCHOCHEA?

Moshi. Huu ndio tunaoanza nao kwa sababu uko mikononi mwetu. Moshi wa kuni ndani ya akai, moshi wa tanuri, moshi wa taa ya mafuta, moshi wa sigara. Kuna watu pia wanaomfukiza mgonjwa wa kifua kwa majani. Tunaheshimu dawa za wazee, lakini moshi wowote kwa mtu aliyebanwa ni kumwongezea mzigo. Pikeni nje penye kivuli kila inapowezekana. Jiko la kuhifadhi kuni linapunguza moshi, na kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi kidogo kuliko mbichi.

Vumbi. Upepo wetu mnaujua. Hatuwezi kuuzuia, lakini tunaweza kunyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na mgonjwa asiwe ndiye anayefagia. Kuchekecha unga, kupepeta mahindi na kumwaga vumbi la makaa kutoka kwenye magunia kufanywe na wengine, na mgonjwa akae upande upepo unakotoka. Kitambaa puani kinasaidia vumbi kubwa kidogo tu, hakizuii moshi.

Mathenge. Mti huu una historia yake. Mwaka 1973 ulipandwa Bamburi karibu na Mombasa kufufua machimbo ya mawe, na miaka ya 1980 miradi ya miti ikauleta sehemu kavu kama Turkana na Baringo ili uzuie jangwa. Ulizuia mchanga na ukatupa kuni, hilo tusikatae. Lakini ulienea kuliko tulivyotaka, na mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari. Madaktari wa India na wa nchi za Ghuba, ambako mti huu pia ni mwingi, wamegundua kwamba unga wa maua yake ni chanzo kikubwa cha aleji ya pua na kifua. Kwa hiyo mwenye pumu asilale chini ya mathenge inayotoa maua, na kichaka kilichoota mlangoni pake kiondolewe. Kukata juu tu hakufai, kinachipuka tena. Ling'oeni shina pamoja na mzizi wake chini ya udongo.

Wanyama na malazi. Manyoya ya mbuzi, kondoo na paka yanaweza kuamsha aleji. Wana-mbuzi wasilale ndani na mgonjwa. Ngozi na blanketi za kulalia zikung'utwe mbali na boma na kuanikwa juani kila wiki. Baada ya mvua, nafaka iliyovunda na mikeka yenye ukungu itolewe nje.

Mafua na baadhi ya dawa. Mafua ya kawaida ndiyo yanayoleta mashambulio mengi, hasa kwa watoto. Na kuna watu wenye pumu wanaobanwa wakimeza aspirini na dawa za maumivu za jamii hiyo. Ukinunua dawa dukani, mwambie muuzaji kwanza, "Mimi nina pumu."

Si kila mtu anachukia vitu hivi vyote. Mgonjwa na jirani yake wakumbuke kwa mwezi mmoja: alibanwa lini, alikuwa wapi, alikuwa akifanya nini? Asiyejua kuandika aweke fundo kwenye kamba. Mwisho wa mwezi mtaona mafundo yanafuatana na kitu gani.

DAWA NI ZA NAMNA MBILI

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo, na ndiyo inayokosewa zaidi.

Namna ya kwanza ni dawa ya kufungua. Mara nyingi ni inhela ya bluu, na kopo lake limeandikwa salbutamol. Inalegeza nyama iliyokaza, na mtu anapata pumzi baada ya dakika chache. Watu wanaipenda kwa sababu wanaiona ikifanya kazi. Lakini haiondoi uvimbe ulio ndani. Saa chache baadaye inaisha nguvu.

Namna ya pili ni dawa ya kuzuia. Mara nyingi ni inhela ya kahawia au rangi nyingine, na kopo limeandikwa beclometasone au budesonide. Hii inapunguza uvimbe wenyewe. Haifanyi kazi papo hapo. Inachukua siku kadhaa hata wiki, nayo hutumika kila siku, hata ukiwa mzima. Kwa sababu haionyeshi haraka, watu wanaiacha na kusema, "Hii haina nguvu." Mama wa kisa chetu alifanya vivyo hivyo. Alitoka hospitalini na inhela mbili. Ile ya bluu aliimaliza. Ile ya kahawia aliifunga kwenye kitambaa akaiweka, "nitaitumia nikiugua." Baada ya wiki sita alikuwa amebanwa tena.

Ni kama boma na ng'ombe. Bunduki ya kuwafukuza wezi usiku ni kitu kimoja, na ua wa miiba unaojengwa mchana wakati wezi hawapo ni kitu kingine. Asiyejenga ua atakesha kila usiku. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, umeacha kukubali mtu mzima atibiwe kwa inhela ya bluu peke yake. Siku hizi ziko pia inhela zenye dawa ya kufungua na ya kuzuia pamoja. Muulizeni mhudumu: "Hii uliyonipa ni ya kufungua au ya kuzuia?" Msiondoke bila jibu.

Watu wengine wanaogopa kwamba inhela inamzoea mtu kama pombe. Si kweli. Dawa inayovutwa ni kidogo sana na inaingia kifuani moja kwa moja. Vidonge vya salbutamol vinazunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hupiga mbio. Piriton inasaidia pua na macho kuwasha, lakini haitibu pumu. Baada ya kuvuta dawa ya kuzuia, sukutua mdomo kwa maji uteme, ili usipate utando mweupe kinywani.

Hesabu ni muhimu. Inhela nyingi zina mipigo 200. Mtu aliyeandikiwa mipigo 2 asubuhi na 2 jioni anatumia 4 kwa siku, hivyo inaisha baada ya siku 50. Wekeni alama kwenye kalenda, mtafute nyingine kabla ya kuisha. Na joto letu la nyuzi 35 na zaidi linaiharibu. Iwekwe kivulini karibu na mtungi wa maji, isiachwe juani, na kopo tupu lisitupwe motoni kwa maana linalipuka.

CHUPA YA NUSU LITA

Wengi wanakosea kuvuta. Wanabonyeza, dawa inagonga ulimi, kifuani haifiki. Hospitali za mijini zinatumia kifaa cha plastiki kinachoshika dawa kwanza ili mtu aivute polepole. Kifaa hicho ni ghali, lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyozibwa vizuri pembeni mwa inhela, ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Isiyozibwa vizuri haikufikia kiwango hicho.

Tengenezeni hivi:

1. Chukueni chupa safi ya maji au soda ya nusu lita. Msitumie iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo.

2. Pasheni waya moto, mtoboe tundu kwenye kitako cha chupa lenye umbo la mdomo wa inhela. Liwe dogo kidogo ili inhela ibane.

3. Osheni chupa kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Msiipanguse kwa kitambaa, maana dawa itang'ang'ania ukutani.

4. Ingizeni inhela kwenye tundu, mzibe pembeni kwa gundi au plasta mpaka hewa isipite.

5. Tikiseni inhela. Mgonjwa aweke midomo kwenye shingo ya chupa, akaze. Bonyezeni mara moja tu. Avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6 bila kutoa mdomo. Halafu mpigo wa pili, vivyo hivyo.

Msibonyeze mara mbili kwa mkupuo. Mwonyesheni mhudumu wa afya chupa yenu mara ya kwanza ili aihakikishe.

AKIBANWA GHAFLA

Mkalisheni wima, aegemee mbele kidogo. Msimlaze. Watu wasimzunguke, moto uzimwe au atolewe penye moshi. Mpeni mipigo 4 ya inhela ya bluu kwa chupa, mmoja mmoja. Ngojeni dakika 4. Kama hajapata nafuu, mpeni mingine 4, na mtu mwingine awe tayari anatafuta gari au pikipiki. Njiani endeleeni hivyo hivyo.

Msingoje chochote mkiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi moja, mbavu au shingo zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo imegeuka bluu au kijivu, anasinzia au anachanganyikiwa. Na mkumbuke hili: mluzi ukinyamaza lakini mtu bado anahangaika, hajapona. Ni hatari zaidi, kwa maana hewa haipiti kabisa.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Sasa rudieni majibu yenu ya "Lakini kwa nini?" Wale akina mama wa Kalemng'orok walifanya zoezi hilo pamoja nasi, yule mama akiwepo. Majibu yao yalikuwa hivi. Alikaribia kufa. Kwa nini? Kifua kilifunga. Lakini kwa nini? Alivuta moshi wa tanuri siku nzima. Lakini kwa nini, na alijua unamdhuru? Aliogopa faini. Lakini kwa nini faini? Sisi tulifikiri ni mvivu. Lakini kwa nini tulifikiri hivyo? Palikuwa kimya. Halafu mwenyekiti akasema, "Hatukumuuliza." Nasi tukasema, hata sisi.

Hawakuacha makaa. Tusiwadanganye wasomaji. Makaa ndiyo chakula chao. Lakini walibadilisha mambo manne. Tanuri zilihamishwa mbali na nyumba, upande ambao upepo hupeleka moshi porini. Faini haitozwi tena kwa mgonjwa, na yule mama alipewa kazi ya kuuza na kuandika hesabu, mbali na tanuri. Kila mkutano kila mmoja anatoa shilingi 20, nazo ni 440 kwa wanachama 22, zinawekwa kwenye mkebe wao wenyewe wanaouita "mkebe wa pumzi", kwa ajili ya dawa kituo kikikosa na nauli ya usiku. Tena nambari za simu za madereva wawili zimeandikwa ukutani kwa mwenyekiti.

Tunaongeza la tano. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na mahali pake ni SHA. Hakikisheni kila mwanachama na watoto wake wamejiandikisha, na mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu awajue wenye pumu kwa majina.

Tulipomtembelea mara ya mwisho tulimkuta yule mama na daftari lake magotini, magunia yamepangwa mbele yake. Tulimuuliza usiku analala vipi. Akasema analala, ila upepo ukizidi bado anaamka. Dawa ya kuzuia alikuwa ametumia asubuhi hiyo. Pumu haijaondoka kwake, na pengine haitaondoka. Lakini sasa anaitawala, na wenzake wanamsaidia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu ni nani mwenye kifua? Tumewahi kumuuliza nini kinamchochea?

2. Je, sheria au faini zetu zinamlazimisha mgonjwa afanye kazi inayomdhuru? Tubadilishe nini?

3. Tanuri, majiko na vichaka vya mathenge viko wapi kwetu, na upepo unatoka wapi?

4. Mwenzetu mwenye inhela aonyeshe jinsi anavyoivuta. Ni ya kufungua au ya kuzuia? Itaisha tarehe gani?

5. Akibanwa usiku wa leo, nani atatafuta gari, nani atabaki na watoto, na nauli itatoka wapi?

6. Makaa yanatulisha na moshi wake unatuumiza. Je, kuna kazi nyingine tunayoweza kuanza, hata kidogo kidogo?

Kabla ya kufunga mkutano, kila mmoja aseme jambo moja atakalofanya wiki hii. Katibu aandike, na mkutano ujao mwanze na orodha hiyo. Mkitengeneza chupa, leteni moja tuione tutakapowatembelea.